Mke Aliyepanda Kuchukua Taulo

Jumamosi ile duka la miwani lilifungwa mapema, na wote waliofika walijua kwamba hawakuja kwa ajili ya kitabu peke yake. Walijifanya tu. Mwalimu mstaafu alikuja na kalamu mbili mfukoni kama mtu anayekwenda kusahihisha mitihani. Nesi alikuja na biskuti. Shangazi alikuja na mdomo aliokuwa ameubana tangu asubuhi, akachagua kiti cha karibu na mlango, ili ikibidi kuondoka kwa hasira asimsumbue mtu.

Mwenye duka alikuwa mpima macho, mwanamke wa miaka thelathini na ushee, mkimya, mwenye tabia ya kumtazama mtu machoni muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Hakuwa na nia mbaya. Ndiyo kazi yake. Shangazi ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki, na mpaka leo waliishi nyumba moja, wakigombania redio na chumvi kama watu wanaopendana.

Wa mwisho kuingia alikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Jina analo, lakini kikundi kizima kilimwita Jalada, naye aliitika. Alisalimia kwa kuzunguka, akampa Shangazi shikamoo ya kuinama kabisa, akaitikiwa marahaba iliyotokea puani. Kisha akamtazama mpima macho. Mpima macho naye akamtazama, halafu akashika kitambaa akaanza kufuta kioo cha kabati ambacho kilikuwa safi.

Sasa nikueleze kilichokuwa kinaendelea, maana hawa watu wangeweza kuzunguka nacho hadi jua lizame.

Jalada alikuwa amepata kazi. Maktaba moja kubwa, mji wa mbali, ilimtaka akatengeneze vitabu vya zamani vinavyokufa kwenye makabati. Ndiyo kazi aliyoiota tangu alipojifunza kushika sindano, kwa sababu hapa mjini alikuwa akishinda nyuma ya kiwanda cha uchapaji akijalidi ripoti za watu wasiozisoma. Jumatatu alitakiwa awe safarini. Na kabla ya hapo alikuwa amemwambia mpima macho, kwa maneno yaliyonyooka, kwamba anataka kumuoa na waende wote.

Wapo wanawake wanaosema, nipe wiki nifikirie. Huyu wetu alisema, "Tukimaliza kitabu nitakujibu." Na kitabu kilichokuwa mezani wakati huo kilikuwa riwaya ya Kijapani yenye kurasa mia tisa. Jamani! Mtu anaombwa mkono, anajibu kwa kumpa mwenzake mtihani.

Shangazi yeye hakuhitaji kitabu ili ajibu. Alishasema hapana.

"Mwanaume anayekata kitabu kwa kisu na mkono hautetemeki," alisema, "ndiye nimkabidhi mwanangu?"

Alichosema kuhusu kisu kilikuwa kweli. Kikundi kilikuwa na watu watano na nakala moja tu ya kila kitabu, kwa hiyo Jalada alikuwa na dawa yake. Kitabu kikiwa kinene anakigawa vipande vitatu, anashona kila kipande upya, anakata kingo zilingane, kisha anakivalisha nguo yake. Kijani ni sehemu ya kwanza, bluu ya pili, nyekundu ya tatu. Ukimaliza kijani unampa mwenzako, unachukua bluu, na kitabu kizima hakilali kwa mtu mmoja. Walikuwa wamesoma hivyo miaka kadhaa bila matatizo.

"Haya," Mwalimu alisema, akafungua mkutano kwa kugonga kalamu mezani. "Mimi naanza, maana nikichelewa nitapasuka. Hiki kitabu ni upuuzi mtupu."

"Mwalimu, taratibu," Nesi alisema.

"Taratibu nini? Nimefundisha miaka yangu yote kwamba hadithi ina mwanzo, ina kati, ina mwisho. Hii ina ngazi! Mtu ni fundi wa lifti, anaishi kwenye nyumba yenye ngazi zinazoongezeka kila akilala. Sawa, nimekubali. Juu kabisa anaishi kunguru, ni mpangaji, kodi analipa kwa vifungo vya shati. Sawa, nimekubali na hilo. Lakini yule bwana ni fundi wa lifti! Kwa nini asijifungie lifti akamaliza kesi?"

Nesi alicheka mpaka biskuti ikamkwama. "Mimi kunguru nilimpenda. Ndiye mtu pekee mwenye akili mle ndani."

"Ulimaliza lakini?" mpima macho aliuliza.

"Nisikudanganye, dada yangu. Bluu ilinishinda. Ile sura ya bahari iliyomo kwenye droo ya soksi, nimeisoma zamu tatu, kila nikifika ukingoni mgonjwa ananiita. Nikasema basi, huenda si bahari yangu."

"Na wewe mwenyewe?" Mwalimu akamgeukia mpima macho. "Ulikichagua wewe. Tetea."

Mpima macho aliweka kitambaa chini. Alijua Jalada anamwangalia. Upande mmoja wa uso ulikuwa umepata joto. "Kilinichosha," alisema. "Halafu kikanihuzunisha. Kile kipande cha mwisho, kinaanza tu, mke anamwambia mumewe, ngoja nipande nichukue taulo, anapanda, basi. Harudi. Kitabu kinaisha mume amekaa chini anangoja, hajui hata angoje nini. Nilikifunga nikakaa."

"Umeona!" Mwalimu alisema. "Hata mwisho hakina. Na kipande cha kwanza? Kinaishia mwanamke anashuka ngazi na taulo mkononi, mwanaume analia kama mtoto. Unamlilia nani? Hata hatujaambiwa ametoka wapi!"

"Anashuka kipande cha kwanza?" Hiyo ilikuwa sauti ya Shangazi.

Watu waligeuka. Shangazi hakuwa mtu wa kuchangia. Kwa kawaida alikuja kwenye kikundi kumlinda mpwa wake dhidi ya vitabu na wanaume, kwa mpangilio huo.

"Ndiyo, Shangazi. Mwishoni mwa kijani."

"Nyie mmesoma kitabu gani? Anapanda mwanzoni. Mume anamngoja kitabu kizima, hao kunguru na mabahari ni mambo ya mtu anayengoja, akili inakwenda huku na huku. Mwishoni kabisa anashuka. Na taulo analo. Mume analia. Mimi mwenyewe nimelia, tena mimi!"

"Shangazi umesoma kinyume," Mwalimu alisema kwa upole wa kukera.

"Nimesoma nilichokikuta. Huyu," akamnyooshea kidole mpwa wake, "alikuwa na kijani kitandani, hataki kuachia. Mimi nilikikuta chekundu juu ya friji, nikaanza nacho, nikaenda bluu, kijani nikakimalizia. Ningemsubiri mpaka lini?"

Watu walicheka. Jalada hakucheka. Alisimama, akachukua vile vipande vitatu mezani, akakipindua cha kijani, akapitisha dole gumba ukingoni taratibu kama anayepapasa kidonda. Karibu na mwisho kulikuwa na karatasi moja iliyojikunja pembeni tangu kiwandani, ikajificha ndani, kisu kisiifikie. Akaikunjua. Chini kabisa, mahali ambapo kurasa nyingine zote zilikuwa zimekatwa namba zake, hii ilikuwa bado inayo yake.

"Mia nane na tisini," alisema.

"Ya kijani?" Nesi aliuliza. "Si ndiyo ya kwanza?"

"Ilitakiwa iwe ya kwanza." Masikio yalikuwa yamemwiva. "Nimeivalisha ya mwisho kijani, ya mwanzo nyekundu. Kosa ni langu. Sura zenyewe hazina namba, na namba za kurasa nilizikata mwenyewe. Shangazi ndiye aliyesoma kitabu. Sisi wengine sijui tumesoma nini."

Mwalimu alitupa kalamu yake mezani.

"Kwa hiyo nimekesha nikiandika maoni juu ya muundo wa kimapinduzi," alisema, "na muundo wenyewe ni wako wewe Jalada na gundi yako!"

Walicheka wote, hata Mwalimu, yeye akiwa na machozi. Nesi alitaka kujua kama kunguru naye anaanza kwa kuhama au kwa kuhamia. Mwalimu alisema ni lazima kianzwe upya, haki ya mwandishi inadai hivyo, na mpima macho, sijui ni nani aliyemsukuma, akadakia haraka, "Kweli, tuanze upya. Hatuwezi kusema tumekimaliza."

Aliposema hivyo Jalada alimwangalia. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anamwangalia kama mtu aliyefika dirishani kwenye foleni ndefu akaambiwa arudi kesho.

"Kianzwe na nani?" Shangazi aliuliza. "Huyu kijana Jumatatu anaondoka. Au mmesahau mlichokuja kusikiliza?"

Hapo kila mtu alipata kitu cha kutazama sakafuni.

Shangazi alikohoa. "Mimi nina neno. Mnajua mume wangu. Alitoka kumsindikiza mgeni kituoni, na mgeni alifika kwao salama, yeye hajarudi hadi leo. Watu wanasema nimekuwa mkali. Ningekosaje kuwa mkali? Nilipoambiwa huyu anataka kumchukua mtoto wangu ampeleke mbali, nikasema hapana, si kwamba kijana ana ubaya. Ni kwamba mimi nikimsindikiza mtu naona mgongo tu." Alijiweka sawa kitini. "Sasa nimesoma lile likitabu lenu. Kurasa zote zile za mambo ya ajabu, nasoma natukana, nasoma natukana. Kisha yule mke akashuka. Mume hakumuuliza ulikuwa wapi. Alipokea taulo tu. Nikasema, kumbe inawezekana mtu akarudi na asigombezwe. Kwa hiyo mwanangu, nenda na mwenzako. Nimeruhusu. Ukitaka kurudi, rudi, sitakuuliza kitu."

Nesi alianza kulia palepale, ndiye wa kwanza kila mahali. Mwalimu alimpa Jalada mkono. Ilikuwa dakika nzuri, na wote waligeuka kumtazama mpima macho waone furaha yake.

Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta, rangi imemtoka.

"Jalada," alisema, "njoo mara moja."

Alimpeleka chumba cha kupimia. Ni chumba kidogo, kiti kimoja cha mgonjwa, kigoda kimoja cha mpimaji, mashine katikati, na ubao wa herufi ukutani unaowaka peke yake taa ikizimwa. Alifunga mlango, akasahau kuwasha taa. Jalada alikaa kwenye kiti cha mgonjwa kwa sababu hakikuwapo kingine. Hapo ndipo walipojuana, alikuja kupimwa, akaweka kidevu kwenye mashine, na huyu mwanamke akamtazama ndani ya jicho kwa mwanga mdogo, karibu kiasi cha kusikia pumzi, akasema, "Una mishipa mizuri." Hakuna mtu aliyewahi kumsifia hivyo. Alirudi wiki iliyofuata akidai lenzi imelegea.

"Samahani kwa kitabu," Jalada alisema.

"Ilikuwaje? Wewe hukosei."

"Siku ile nakishona, mikono ilikuwa kwenye uzi, akili ilikuwa kwako. Nilikuwa napanga maneno ya kukwambia. Nilipomaliza kuyapanga na kitabu kilikuwa kimeisha, sikukiangalia mara mbili."

Mpima macho alicheka, na kicheko kikamuuma. Alitamani akae nacho chumbani humo bila mtu kugonga mlango.

"Shangazi amekubali," Jalada alisema.

"Nimesikia."

"Mbona hufurahi?"

"Naitafuta hiyo furaha, siioni. Nimeitafuta pale kaunta wote mkiniangalia." Alikaa kwenye kigoda chake. "Unajua, Shangazi alipokuwa anasema hapana, mimi sikuhitaji kusema chochote. Hapana ilikuwa yake. Mimi na wewe tulikuwa tunamlaumu pamoja, na nilikuwa napenda vile. Leo ameondoa hapana yake, nikaikuta yangu imekaa palepale. Hata mimi nimeshtuka."

Nje walimsikia Mwalimu akiuliza kama biskuti zimekwisha.

"Hutaki kuolewa na mimi?"

"Sitaki kuondoka hapa."

"Utafungua duka jingine kule. Macho ya kupima yapo kila mahali."

"Ndivyo ulivyoniambia siku ile. Hukuniuliza. Uliniambia. Nami sikujiuliza, kwa sababu kila mtu alikuwa anazungumzia Shangazi atabaki na nani." Aliongea bila kupandisha sauti, kama anayesoma majibu ya mgonjwa. "Hili duka nililianza na fremu za kujaza ukuta mmoja. Kuna watu humu mjini nawajua macho yao kuliko sura zao. Kuna mzee ana presha ya macho, nisipompigia simu hatumii matone, atapofuka akinidanganya kwamba anayatumia. Nani atampigia?"

"Mzee," Jalada alisema. "Unaniacha kwa ajili ya mzee."

"Nakuacha kwa ajili yangu. Usinisaidie kulipamba."

"Basi hunipendi. Sema tu, niondoke na kitu kinachoeleweka."

"Nakupenda."

Miaka yote ile hakuwahi kulisema neno hilo. Jalada alikuwa amelisubiri akiwa amekaa, akiwa amesimama, akiwa ameshika mwavuli mlangoni pa duka, na sasa limekuja likiwa limefungwa pamoja na lile jingine. Aliinama akashika kichwa.

"Unasema nakupenda na hapana kwa pumzi moja."

"Yote mawili ni kweli. Ningekuwa na moja tu ningekuwa nimekujibu zamani."

"Nikibaki?"

Ah, hapo. Hapo mpima macho alitaka kusema baki, kila kiungo chake kilitaka. Alimwona asubuhi baada ya asubuhi akipita na mkoba wake kwenda nyuma ya kiwanda, kujalidi ripoti. Alimwona akiwa na miaka hamsini, mwema, hajawahi kulalamika hata siku moja, na alijua kwamba yeye mwenyewe angemwogopa huyo asiyelalamika kuliko mgomvi.

"Usibaki," alisema. "Umeitaka hiyo kazi kabla hujanijua."

"Utanisubiri?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Ukirudi utanikuta. Lakini sitakuwa nimekusubiri. Nimemwona Shangazi akisubiri, naijua kazi ile, siiwezi."

Jalada alinyanyuka. Pale ndani ni padogo, ili apite ilibidi asimame karibu naye kabisa, na walisimama hivyo. Alimgusa shavu kwa vidole vyenye harufu ya gundi. Mpima macho alifumba macho, yeye ambaye hayafumbi, akashika ile mikono kwa nguvu, akaibusu, akaiachia. Kisha yeye mwenyewe ndiye aliyefungua mlango, kwa sababu mwenzake alikuwa haoni vizuri kitasa kiko wapi.

Jalada aliaga kwa adabu. Alimshukuru Shangazi kwa ruhusa, akamwambia Mwalimu kwamba atavalisha upya vile vipande kabla ya Jumatatu, akampa Nesi mkono. Mwalimu na Nesi nao walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli, wakatoka kwa pamoja wakigongana mlangoni.

Shangazi alibaki. Alimwangalia mpwa wake akipanga fremu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Amebadili mawazo?" aliuliza. "Mwanaume huyo nitamfuata hukohuko barabarani."

"Hakubadili, Shangazi. Nimemkatalia mimi."

"Wewe!" Shangazi alisimama. "Kwa ajili yangu? Si nimesema mbele za watu, nenda? Nimejidhalilisha bure na kitabu cha Kijapani? Mwanangu, usiniwekee huo mzigo. Mkimbilie, hajafika mbali."

"Si kwa ajili yako." Fremu ilimponyoka, akainama kuiokota, na alipokuwa chini ndipo machozi yalipomshinda, akalia kwa sauti, pale sakafuni, bila kujificha. Shangazi alipiga magoti kwa shida na magonjwa yake ya miguu, akamkumbatia kichwa.

"Sasa unalia nini, kama hukumtaka?"

"Nilimtaka, Shangazi. Namtaka hata sasa hivi." Alivuta pumzi. "Ningefurahi sana kama ingekuwa kwa ajili yako. Ningekuchukia kidogo, kisha ningepona."